Hakuna Kusema Juu ya Kioo

Mimi ni msemaji, sitaficha. Kazini wananiita Redio, na walionipa jina hilo hawakunionea hata kidogo. Nikiamka nasema, nikipika nasema, nikikosa wa kusema naye naisemesha sufuria. Mume wangu hudai kwamba siku aliyonioa alipata mke na taarifa ya habari kwa pamoja. Sasa mtu wa namna hiyo alipelekwa na nani kwenye kazi ya kuosha kioo cha darubini, kazi ambayo ukifungua mdomo tu umeharibu?

Darubini yetu ni ya ushirika. Vyuo kadhaa vilichangia kuijenga, kila kimoja kina zamu zake za kutazama nyota, na sisi mafundi ndio tunaobaki nayo mchana wakati watazamaji wenyewe wamelala. Chini kabisa ya darubini kuna kioo kipana kuliko kitanda cha watu wawili, kimepakwa utando wa madini mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Vumbi likizidi tunakitoa, tunakiosha, tunakirudisha. Na kikiwa wazi, hakuna anayesema juu yake. Mate ni mate hata yakitoka kinywani mwa profesa, na tone likikaukia pale linaacha doa. Kwa hiyo tunavaa barakoa, tunavua pete, saa na hereni, tunaacha kalamu na simu kwenye trei mlangoni, halafu tunaongea kwa mikono.

Ngumi maana yake simama. Kiganja kikitazama chini na kushuka taratibu, mwaga maji. Vidole viwili vikisugua kidole gumba, nipe pamba nyingine. Miaka inavyokwenda tumeongeza na yetu ya pembeni: ukimwona mtu anapapasa kitambi ambacho hana, ujue Mkuu anakuja. Mkuu ni mhandisi anayetusimamia, na nadhani anaijua ishara hiyo, ila hajawahi kusema.

Kuosha kwenyewe hakuna nguvu. Maji ni yaleyale mnayoyaita maji ya betri, yasiyo na chumvi, na sabuni ni kidogo sana. Pamba unailaza juu ya kioo, unaivuta kwa uzito wake yenyewe, ikifika ukingoni unaitupa. Hatufuti. Neno "futa" lenyewe hatulitaki mle ndani, maana mgeni akilisikia mkono wake unaanza kukandamiza.

Mwaka jana niliugua homa kali. Mimi nilipona, masikio yangu hayakupona. Daktari alisema ni mishipa, na kwamba kilichoondoka hakirudi. Sikio la kushoto limezimika kabisa. La kulia lina kifaa, na ndani ya chumba kimya tunaelewana, lakini penye mashine au watu wengi sauti zote zinageuka uji.

Ningekuwa mwoshaji tu, hiyo isingekuwa shida. Shida ni kwamba mimi ndiye ninayeongoza unyanyuaji. Kioo kinatoka kitandani mwake kwa winchi ya juu, kinaning'inia kwenye mikanda, kinapelekwa hadi meza ya kuoshea. Mimi husimama mahali ninapoona kingo zote na kumwambia mwendesha winchi pandisha, shusha, ngoja. Kazi hiyo siku zote tumeifanya kwa kelele, kwa sababu mota inanguruma na watu wamesimama mbali na kioo na mbali na wenzao. Mwenzako wa upande wa pili akiona mkanda umejikunja akakuita, lazima umsikie.

Nilikwenda kwa Mkuu mwenyewe. Nilimwambia, "Mkuu, upande wa kushoto sina kitu, na wa kulia unasuasua." Akasema lazima awaeleze wakubwa wa vyuo, na mimi nikasema sawa, nikaenda chooni nikalia.

Aliponiita tena alikaa mbele yangu kabisa, akasema polepole nimwone midomo. "Walitaka nikuhamishie stoo. Nimewaomba wanipe uoshaji mmoja. Kioo kikitoka na kurudi salama, wewe ukiongoza, unabaki. Nikilazimika kupaza sauti hata mara moja, unakwenda stoo. Siwezi kuchezea kioo cha watu, wala miguu ya watu."

Stoo si jehanamu. Kuna meza, kuna dirisha, kuna skrubu za kila aina. Lakini kioo kile nimekiosha tangu nikiwa na kiuno. Nazijua alama zake, nakijua kinavyokaa, na nikiondolewa kwake sijui ningekuwa nani. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo.

Wiki hiyo ndipo nilipowakuta. Nilipita nje ya karakana, mlango uko nusu wazi, nikawaona wenzangu wamesimama duara wanapunga mikono bila sauti. Katikati alikuwa Winchi, yaani mwendesha winchi, ambaye alikua pamoja na mume wangu na kwa hiyo ni shemeji yangu wa utani. Alikuwa amekodoa macho, mikono inakwenda huku na huku kama mtu anayefukuza nzi, na wengine wanavunjika mbavu. Waliponiona wote wakashusha mikono.

Damu ilinichemka. Mtu ameanza kuwa kiziwi juzi, leo mmeshamfanyia mchezo wa kuigiza. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na kwa kuwa sisikii sauti yangu vizuri nadhani yalifika hadi getini. Winchi alifungua mdomo ajibu, nikampa mgongo. Hiyo ndiyo faida ya uziwi, ukigeuka umeshinda mabishano.

Siku ya kuosha nikafika na uso nimeukunja. Mkuu alitukusanya nje ya mlango wa darubini, akanigeukia mimi ndipo akasema, "Leo barakoa zinavaliwa kuanzia mlangoni, na hazivuliwi mpaka kioo kirudi kitandani. Si kwenye kuosha tu. Na winchi pia itakwenda kwa mikono."

Nilimtazama Winchi. Akaonyesha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akainua vidole vyote juu taratibu, pandisha, na kufunga ngumi, simama. Zilikuwa zilezile alizokuwa anazipunga karakanani. Kumbe walikuwa wanajifunza. Walikuwa wanatunga ishara za winchi, zile za kuoshea hazitoshi, na walikuwa wanachekana kwa sababu Winchi ana mikono mizito kuliko winchi yenyewe.

"Ungetuachia nafasi ya kusema," Winchi aliniambia, midomo mbele ya macho yangu. "Lakini wewe Redio huna kitufe cha kuzimia."

Niliona haya, na haya ile ilinipa joto hadi kwenye vidole.

Kabla ya kugusa kioo tulifanya jaribio kwa bonge la zege lenye uzito sawa na kioo. Nikavaa barakoa, nikasimama mahali pangu. Nilipandisha, likapanda. Nililipeleka kulia, likaenda. Mkuu amesimama kando, mikono nyuma, anatazama kila kitu. Likafika juu ya meza, nikanyoosha kiganja chini, nikakishusha taratibu, yaani shusha, kama walivyokubaliana na kunionyesha.

Zege likashuka, na maji yakamwagika. Yule mwenzetu wa mpira wa maji, dada tunayemwita Bomba na yeye hulichukua jina hilo kama sifa, alikuwa likizo siku walizofanya mazoezi. Kwake yeye kiganja kinachoshuka kina maana moja tu tangu aajiriwe. Alifungua maji kwa moyo wote, yakaenda moja kwa moja kwenye viatu vya Mkuu.

Hakuna aliyesema. Barakoa zilikuwa zimevaliwa na amri ni amri. Niliona mabega ya Winchi yakitetemeka, nikaona Bomba amejifunika macho kwa glovu. Mkuu aliinua mguu mmoja, akautazama, akauweka chini. Kisha akaelekeza kidole gumba chini mara mbili, akimtazama kila mmoja wetu, tujue kwamba tangu sasa hiyo ndiyo shusha. Tukaitikia kwa vichwa, na tukarudia jaribio mpaka likaenda safi.

Kutoka, kioo kilitoka vizuri. Kukiosha nako kulikuwa raha tupu, maana pale juu ya kioo sikuwa na upungufu wowote. Pamba ililala, ikateleza, ikatupwa. Maji yalipotiririka mara ya mwisho vumbi la msimu mzima likaondoka nayo, na nilipoinama niliona ndani ya kioo kuba lote la paa chini yangu, safi, na nyuso za wenzangu kwenye ukingo zikinitazama na kusubiri mkono wangu.

Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho. Kioo kilikuwa hewani, kimefika nusu ya safari, nami macho yangu yako kwenye mkanda wa mbele. Ghafla nikaona nyuso zote zimenigeukia kwa pamoja, macho yamewatoka. Sikujua kuna nini. Nilifunga ngumi, winchi ikatulia, kioo kikabaki kimening'inia kimya.

Nilitazama mikanda mmoja mmoja. Yote ilikuwa sawa. Kioo kimeinama kidogo upande mmoja, kama kinavyoinama siku zote mahali pale. Nikatazama mlangoni, nikamwona mpishi wa kantini, sinia la vikombe mkononi, mkono mwingine mdomoni.

Niliambiwa baadaye. Mama wa watu alikuja kuuliza kama chai iletwe sasa, hajawahi kuona kioo kikining'inia, akapiga ukelele kwamba kinaanguka. Zamani ukelele kama huo ungetumaliza. Huyu angesema shusha, yule angesema pandisha, mwingine ngoja, na Winchi asingejua amsikilize nani. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo. Wote walitafuta mkono wangu, na mkono wangu, ambao haukusikia kitu, haukuwa umeshtuka.

Mkuu alimsogelea mpishi, akamtoa nje kwa adabu kwa kumshika kiwiko, wala hakusema naye mpaka mlango ulipofungwa. Nikafungua ngumi. Tukaendelea kulia, kulia kidogo, kidole gumba chini, chini, chini. Kioo kikakaa kitandani mwake bila hata kugonga, na mimi nikakaa chini palepale sakafuni.

Mkuu alirudi akavua barakoa. Viatu vyake vilikuwa bado vinatoa maji kila akikanyaga, maana nyayo zilionekana sakafuni. Alichuchumaa mbele yangu. "Sikupaza sauti," alisema.

"Nimeona, Mkuu."

"Nitawaambia kwamba kuanzia sasa ndivyo tunavyonyanyua. Si kwa ajili yako tu. Sijawahi kuona unyanyuaji umetulia namna hii." Akainuka, akafikiri, akachuchumaa tena. "Na ile ya kupapasa kitambi, ibaki kama ilivyo. Nimeshaizoea."

Nilimshukuru. Nilimshukuru vibaya, kwa maneno mengi, na machozi yakiingia kwenye barakoa niliyosahau kuivua, na yeye alisubiri mpaka nikamaliza, jambo ambalo hata mume wangu hushindwa.

Tukaenda kantini. Mpishi alituletea chai na kuomba radhi kwa kila kikombe. Kulikuwa na furaha ile ya watu waliobeba kitu kizito wakakitua, kila mtu anasema, vijiko vinagonga, viti vinaburutwa, na masikioni mwangu uji mtupu. Nilikaa nikitabasamu tu. Watu wenye masikio mabovu tuna tabasamu letu, tunalivaa mezani ili tusiharibu shughuli.

Winchi, upande wa pili wa meza, akasema kitu. Meza nzima ikalipuka. Bomba aliangusha kichwa mezani, hata Mkuu alifuta macho. Nami nikacheka, kwa sababu wao walicheka.

Winchi akaniona. Shemeji yangu huyo ananifahamu, alijua kile kicheko hakina kitu ndani. Nikainua mkono haraka kumwambia aache tu. Tangu masikio yaniharibikie nimeambiwa "acha tu, si kitu" na watu wazuri sana, wanaonipenda, mpaka nimejifunza kujiambia mwenyewe kabla hawajaniambia.

Hakuacha. Alishusha kikombe, akazunguka meza, akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Akaanza upya, tangu mwanzo kabisa.

"Mama mkwe wangu amenipigia simu. Ananiuliza, baba, huko kazini kwenu nyota mnaziona kweli? Nikamwambia, mama, mimi naingia asubuhi natoka jioni, nyota sizioni." Hapo akanyamaza, akabana midomo kama mama mkwe, hakuruka hata sehemu ya kunyamaza. Meza nzima ilikuwa imetulia. Bomba alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili asinichekee mapema. "Akasema, hata mimi mchana sizioni. Hebu niulizie na mimi kazi."

Si kichekesho kikubwa, nakiri. Lakini nilicheka mpaka kifaa kikanitoka sikioni, na wenzangu walicheka tena, kwa wakati mmoja na mimi.