Ukuta wa Waoka Mikate

…dakika kumi na moja, hiyo ndiyo rekodi yangu, hakuna fundi wa makaburi La Paz nzima anayeziba tundu la jeneza ukutani kwa dakika kumi na moja, na kulifungua natumia nne, basi mbona nyundo imesimama hewani, piga, Limbert, piga, mama wa watu anangoja chini, "Umeganda huko juu?" anauliza mzee Zenón aliyenishikia ngazi, "au leo jogoo ameogopa maiti?", namjibu maiti ndio wananiogopa mimi, mzee, waulize, anacheka, mama Eulogia naye anacheka ndani ya shali yake nyeusi, anacheka, jamani, mjane wa miaka saba amekuja kuchukua mifupa ya mumewe na anacheka kama anakwenda harusini… lipu hii niliipiga mwenyewe, nilikuwa na miaka kumi na sita, jina nililichora kwa msumari ikiwa bado mbichi, FERMÍN CHOQUE, herufi zimenyooka, nani alisema aliyeacha shule hajui kuandika, na nyuma ya herufi hizo Fermín hayumo… tanuri lililipuka alfajiri, wakafa wawili, Fermín na Casiano, majeneza ya chama cha waokaji yanafanana kama mikate ya trei moja, tena yamepigiliwa misumari, Zenón akanipa karatasi inayosema nani aingie wapi, nikamwambia karatasi ni za makarani, mimi nina kichwa, watu wakacheka, nikaziba matundu mawili bila kushuka ngazi, wakanipigia makofi, makaburini, makofi… na ukuta huu haupendi mzaha, waokaji wa kwanza waliujenga Jumatatu zao za mapumziko kwa matofali ya matanuri yaliyobomolewa, ukikwaruza lipu unakuta masizi, ndiyo maana wazee wanasema hatuziki, tunarudisha watu tanurini, na kila mtu anaingia kwa zamu ya kufa kwake, mwenyekiti pembeni ya mkandaji wa unga, hakuna kuchagua jirani, na tundu linalofuata huachwa wazi daima, lile pale, jeusi, chini kidogo ya goti langu, hakuna anayekaa mbele yake, na mimi ngazi yangu leo imeegemea hapohapo, nahisi ubaridi unanipanda kwenye suruali… Jumatatu iliyopita nilifungua la Casiano, nikakuta kwenye mkono wa kushoto bamba la chuma la hospitali na skrubu nne, na kila mwokaji anajua ni mkono wa nani uliovunjwa na mashine ya kukandia, haukuwa wa Casiano, Zenón alikuwa amekwenda kunywa chai, nikakichomoa kile chuma, nikakitia mfukoni, mifupa nikaifungia kwenye mfuko wenye jina la Casiano, kaka yake akanishukuru, akanipa mkono, mfuko ukashushwa chumba cha mifupa huko chini, kwisha… "Utamwona kwa chuma chake, mwanangu," mama Eulogia ananiambia kutoka chini, "alikuwa akinigusa shingoni kwa mkono huo wa chuma asubuhi za baridi, nampigia kelele, mbaya yule!", Zenón anasema eeh, Fermín alikuwa mtundu, na mimi chuma kiko hapa, pajani, kimepata joto la mwili wangu, nitaivunja lipu, nitaingiza mkono, nitakitoa na vumbi, hiki hapa, mama, nani atajua, mifupa ni mifupa, Limbert ni mjanja, mtoto wa mjini, kazi safi… "Lete mfuko tuuone," anasema Zenón, na mama Eulogia anaukunjua, kitambaa cha gunia la unga kama desturi, umefuliwa mpaka umekuwa laini, jina limetariziwa kwa uzi wa buluu, lakini mbona mkubwa hivyo, "Mama, huu wa mtu au wa ng'ombe?" Zenón anamtania, naye anaukumbatia, "Nimeushona mpana makusudi, compadre, ndugu yangu, siku yangu ikifika mnitie humohumo, nilale naye, nafasi yangu hii hapa ubavuni," anaipapasa ile nafasi, anaonyesha, kama anayetandika kitanda… na Casiano huyo, Casiano aliyekuwa akimtukana mama huyu sokoni, ndiye atakayelala naye, si mwaka, si miaka saba ya tundu, moja kwa moja, na mtu pekee atakayejua ni mimi, nitampitia kila Jumatatu, habari za asubuhi, mama, nzuri, mwanangu, mpaka siku nitakayoufungua mdomo wa mfuko huo kwa mikono hii nimwingize… na wakijua leo, kwisha mimi, ngazi watampa mwingine, watoto wa soko watanizomea, yule mwenye kichwa… "Piga basi, mwanangu," anasema, "mume wangu amechoka kungoja", nyundo bado iko juu, na mdomo ndio ulioanza, sikuutuma, mama Eulogia, nasema, kunja kwanza huo mfuko, na yeye ananitazama, anacheka bado.