Glavu za Kumgusia Mume

Mimi fundi umeme, na nyumbani kwangu sheria ni moja: kitu chenye waya hakiguswi mpaka nizime swichi kuu. Mke wangu nimeshamfokea sana, mara ya mwisho kwa ajili ya pasi. Sasa nimerudi kutoka hospitali na waya mbili zimezama moyoni, betri bapa imekaa chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, na huyu mama ananitazama kama pasi ile ile.

"Usinisogelee," akaniambia. Lo! Mimi, mwenye nyumba!

Moyo wangu ulikuwa mzembe. Unapiga, unapumzika, mpaka siku moja nikaanguka kutoka kwenye ngazi kwa mteja. Wakanichana kidogo nikiwa macho, ganzi tu, namsikia daktari akisimulia mechi. Hicho kifaa walichonipandikiza ni mnyapara: moyo ukichelewa, kinaupelekea umeme kidogo uamke. Nesi akaniambia mkono wa kushoto usipande juu ya bega kwa wiki kadhaa, simu isikae mfuko wa kifuani, na betri haichajiwi, inadumu miaka. Habari za mke hakugusia, nami sikuuliza. Fundi mzima niulize kama napiga watu shoti?

Basi mgongo wangu ulioumia ukawa unakandwa kwa glavu zangu mwenyewe za kazi, mama kasimama juu ya kandambili, uso kaugeuzia ukutani. Kulala, akahamia sebuleni. Niliumia jamani. Nilimtaka mke wangu.

Siku ya kupimwa nikamkokota. Nesi akaniwekea kidude kifuani, akatazama skrini, akasema kila kitu safi.

"Mwanangu," mke wangu akamuuliza, "swichi yake kuu iko wapi?"

Nesi akacheka mpaka akakaa. "Mama, huyu hapigi shoti. Mkumbatie tu, ila kidonda usikibonyeze."

"Sheria kaweka yeye. Mimi nafuata."

"Mama watoto," nikamwambia, "hii ikizimwa unabaki mjane."

Machozi yakamlengalenga. Akatoa glavu mkobani, kumbe alikuja nazo, akazitupa juu ya meza ya nesi.

"Nilidhani nikikugusa nitakuua," akasema, na kiganja kitupu akakiweka kifuani pangu.

"Kwa hiyo leo unalala wapi?"

"Nyamaza wewe," akasema. "Nausikiliza."