Beseni la Batoto ba Chura

Ijumaa ile Bénie alirudi kutoka shuleni na beseni la plastiki kifuani, na kichwani msuko ambao Berthe hakuusuka.

Berthe aliuona msuko kabla ya beseni. Alisimamisha cherehani.

"Nani aligusa kichwa yako?"

"Ni Madame Virginie. Kamsuko kamoja kalifunguka tukiruka kamba, njo akanitengenezea saa ya récréation. Mama mudogo, angalia basi! Madame alinichagua miye. Miye njo nitachunga batoto ba chura mpaka lundi, siku ya kurudi shule!"

"Ikala hapa."

"Mais mama mudogo..."

"Ikala!"

Mtoto akaketi, beseni likawekwa chini, na Berthe akaufumua ule msuko mmoja na kuusuka upya, akivuta mpaka mtoto akakunja uso. Ulikuwa umesukwa vizuri. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Bénie alikuwa mtoto wa dada yake, Maliro, aliyefariki mjini Beni, mtaa wa Bungulu, mwaka ule wa Ebola. Mtoto alikuwa hajajua kusema sawasawa. Berthe alikwenda kumchukua, akarudi naye Butembo, na tangu hapo wakaishi wawili mtaani Bulengera, katika nyumba ya mbao nyuma ya kibanda cha cherehani. Mtoto alimwita mama mudogo, kama inavyostahili kumwita mdogo wa mama, na Berthe hakudai zaidi. Alijua yeye ndiye mtu wake. Hakuna aliyekuwa akimgombania.

Mpaka mwaka huu, darasa la tano, alipokuja huyu Madame kuwafundisha. Mvua zilipoanza, aliwapeleka wanafunzi kwenye mabwawa ya samaki bondeni, wakachota mayai ya chura na kuyaweka katika beseni dirishani mwa darasa. Tangu hapo hakukuwa na chakula kilicholiwa nyumbani bila Madame kukaa katikati yao. Madame anasema viluwiluwi vinakula majani ya lengalenga yaliyochemshwa. Madame anasema mkia haukatiki, mwili unaumeza pole pole. Madame ana viatu vyekundu. Berthe alitafuna ugali wake, na kila "Madame anasema" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Madame alikuwa ameingia mpaka nyumbani, ndani ya beseni.

Jumamosi nzima Bénie alilala kifudifudi mbele yake. Viluwiluwi vilikuwa vimeota miguu ya nyuma, myembamba kama uzi.

"Hii mayi iko na matope," Berthe alisema. "Inanuka."

"Iko mayi ya bwawa. Madame anasema hapana kuibadilisha yote."

"Madame, Madame! Ukigonjwa, ni Madame njo atakupeleka hôpital?"

Bénie alisogeza beseni kidogo, upande wa pili wa mwili wake, kama mtu anayekinga mshumaa.

Jumapili mtoto alitangulia misani, kwa sababu aliimba kwaya. Berthe alibaki akiliangalia lile beseni. Akafikiri: Bénie akirudi na kukuta maji yanang'aa, atasema nini? Ataona kwamba hapa nyumbani pia kuna mtu anayejua kulea. Kesho atamwambia huyo mwenye viatu vyekundu: mama mudogo amewatunza kukupita.

Akamwaga maji ya matope nje, akiwazuia watoto wa chura kwa chujio la chai. Akawajazia maji safi ya nyumba, kisha naye akaenda misani.

Maji ya nyumba ile yote yalikuwa na klori. Tangu Maliro alipofariki, Berthe hakuruhusu tone kupita bila dawa, liwe la kunywa, la vyombo au la mikono. Jirani yake Hawa alizoea kumtania: "Dada Berthe, kwako hata chai inanuka centre ya bagonjwa ba Ebola." Berthe mwenyewe hakuisikia tena harufu hiyo. Aliona tu usafi.

Waliporudi kutoka misani, viluwiluwi vilikuwa vinaelea, matumbo juu.

"Ni baridi," Berthe alisema haraka. "Ama ile matope ya Madame yako. Miye nilisema."

Bénie aliinama, akanusa.

"Mama mudogo," alisema taratibu, "inanuka sisi."

Mtoto alichovya mkono kuwatoa mmoja mmoja, na Berthe, kwa mazoea, akashika birika la kunawia ili amnawishe.

"Hapana. Acha." Bénie alichimba kishimo kwa vidole chini ya mgomba. "Mama mudogo, mama yangu nani alimuzika?"

"Bale ba équipe ya Ebola, na manguo yao meupe. Hatukumugusa. Walitukataza kukaribia."

"Basi hawa nitazika miye."

Alifukia bila kulia. Ni Berthe aliyelia, birika mkononi, na hakujua amlilie nani kwanza.

Kisha akavua viatu vyake vya misa. "Twende bondeni," alisema. "Kabla mvua haijarudi."

Waliingia bwawani mpaka magotini. Berthe hakuwa amekanyaga tope tangu utotoni, yeye na Maliro wakiiba miwa. Aliteleza, akakaa kitako majini, na Bénie akacheka mpaka akashindwa kusimama. Walipata watoto wa chura wengi. Wachache walikuwa na miguu.

"Utamuambia Madame nini?" Berthe aliuliza.

"Nitamuambia wale walikufa. Na hawa tuliwakamata miye na wewe."

"Miye na wewe," Berthe alirudia, na kuonja maneno hayo.

Jumatatu Berthe alimsindikiza Bénie na kulibeba beseni mwenyewe, akikataa kila pikipiki iliyosimama. Langoni mwa shule kulikuwa na ndoo ya klori, na mlinzi akapaza sauti: "Mama, mikono!"

"Hapana!" Bénie alipiga kelele. "Itawaua!"

Na Berthe, ambaye hakuwahi kuipita ndoo ile bila kunawa, akaipita.

Madame Virginie alikuja mbio na viatu vyake vyekundu, mikono ameitanguliza. "Karibu, mama Bénie! Leta nikusaidie."

Berthe alilikumbatia beseni kifuani.

"Iko nzito, Madame," alisema. "Unionyeshe tu fasi ya kuiweka. Nitafikisha miye."