Kisoma CD cha Mwalimu Longino

Sherehe ya kumuaga Nice kabla ya ndoa yake ilikuwa kesho, na sauti ya bibi yake ilikuwa bado imefungiwa ndani ya CD.

Kokuberwa alikuwa amemwahidi binti yake kwamba baraka za bibi, marehemu Ma Justa, zilizorekodiwa siku Kokuberwa mwenyewe alipoolewa, zingesikika ukumbini. Mshereheshaji alipokea flashi tu. Deki za CD za mtaa mzima wa Pasiansi zilikwisha kuondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ilibaki kompyuta ya mezani ya mumewe, Mwalimu Longino, yenye Windows ya zamani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Kisoma CD chake kilikuwa kimekufa. Longino alikwenda madukani Mirongo, akanunua kingine kikuukuu, akakifunga mwenyewe.

Kilifungua mdomo, kikaimeza CD, kikanguruma. Kompyuta haikukitambua hata kidogo.

Ndipo akaitwa Rebeka, fundi aliyefundishwa na Longino darasa la nne. Alipofika alipiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kazi yote nimekwisha kuifanya. Wewe thibitisha tu."

Rebeka alichungulia ndani ya kompyuta, kisha akatazama dari. Kokuberwa aliuelewa mtazamo ule: ni wa mwanafunzi aliyeona mwalimu amekosea ubaoni.

"Mwalimu, hiki kipini cha nyuma ya kisoma CD, kinachoamua kipi kitangulie na kipi kifuate, umekiweka upande wa kutangulia?"

"Ndiyo. Soma kibandiko. Kimetengenezwa miaka mingi kabla ya hiyo diski ya ndani. Utamtangulizaje mtoto mbele ya mzee?"

"Lakini diski nayo imewekwa ya kutangulia. Viko kwenye waya mmoja, na viwili haviwezi kutangulia pamoja."

"Huo ni utovu wa adabu wa diski."

"Baba Nice," Kokuberwa alisema, "mwache binti abadilishe."

"Katika nyumba hii mzee hafuati nyuma ya mtoto."

Rebeka akaanza kukunja waya wa bisibisi yake ya umeme, tayari kuondoka kwa heshima. Kokuberwa alimwona Nice ukumbini, akingoja sauti isiyokuja.

"Hebu niambie," akamgeukia mumewe kwa upole. "Kesho ukumbini ataingia nani kwanza, wewe au mdogo wako Rwekaza?"

"Rwekaza, bila shaka. Akahakikishe viti vimepangwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaribishwa watu wakishakaa."

Longino alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi," akasema, "diski itangulie ikapange viti."

Rebeka alikichomoa kipini, akakirudisha upande wa kufuata, akawasha. Kompyuta ilijikongoja kuamka, na alama ya CD ikajitokeza kwenye kioo. Alipoibofya, kwanza ilisikika mikwaruzo, kisha kuku wa watu, kisha sauti ambayo Kokuberwa hakuwa ameisikia tangu mazishi.

"Hicho chombo chenu kinanitambua kweli?" Ma Justa aliuliza. "Mbona hakinisalimu?"

Longino alikuwa amekwisha kusimama, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

CD ikakwaruza kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Sasa kaa, niwabariki."

Longino akakaa. Rebeka, bila kumtazama mwalimu wake, alichomeka flashi.