Kifaa cha Kujifichia

Kinyozi alikuwa ameshachagua hata kabla hajakaa vizuri kitini. Mezani kwa mtaalamu wa masikio vililala vifaa viwili vya kusaidia kusikia, na jicho lake lilikiangukia kile cha duara, kidogo kama kizibo cha soda, kinachonata kichwani kwa sumaku. Kofia juu yake, habari kwisha! Nani angejua kwamba kinyozi anayesifiwa kwa umbea hasikii hata honi ya lori?

Miaka yote hiyo aliwasoma wateja midomo kwenye kioo. Midomo ikimponyoka, alicheka tu, na mteja akacheka naye.

"Cha ndani, tutakachokupandikizia chini ya ngozi, ni kilekile," mtaalamu alimwambia uso kwa uso. "Tofauti iko huku nje. Hiki cha duara hakionekani, lakini wewe kazi yako kuinama. Kitakudondokea kwenye povu la sabuni. Hiki kingine kinakaa nyuma ya sikio. Waya utaonekana, ila kinashika."

"Cha duara," kinyozi akakata shauri.

"Huyu anachagua kofia, si sikio," mkewe, aliyekaa kando yake, akasema.

Mtaalamu akageukia kabati, akauliza jambo. Kinyozi aliona mgongo tu. Akacheka na kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

Mtaalamu akamgeukia taratibu. "Mzee, nimekuuliza ni sauti ya nani unayoikosa zaidi."

Uso ukamwiva. Laiti angekuwa na lile shuka la kuwafunikia wateja, angejifunika gubigubi.

Mkewe akamshika kidevu, akamgeuza amtazame. "Ndivyo ulivyomfanyia binti yako. Alikuja kinyozini kwako, akasimama nyuma yako, akakwambia mimba imetoka. Ukacheka, baba. Ukaendelea kunoa wembe. Na mimi, kwa kukutunzia siri yako, nikanyamaza."

Kumbe! Naye kinyozi muda wote huo alikuwa akimsema mkwewe, mume wa binti huyo, kwamba anamfungia mtoto wake ndani, binti haji hata kusalimia.

Akakitazama kile cha waya. "Nipe hiki," alisema, akidhani ananong'ona. Watu wote waliokaa ukumbini, nje ya mlango uliokuwa wazi, wakageuza shingo.

"Mpigie simu binti," akamwomba mkewe. "Mwambie sikusikia."

"Mimi? Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako uliochekea."

Kinyozi akainuka, macho yake sakafuni.

"Basi twende kwake sasa hivi," akasema. "Nikisubiri upasuaji, nitapata ujanja mwingine."