Pumzi ya Fundi

Seremala akikata mbao hupuliza vumbi ili auone mstari wa penseli. Siku Melchior alipopuliza na vumbi lisisogee, nilijua mume wangu amekwisha.

Miaka ishirini amevuta sigara, na alizivutia chumbani kwetu, dirisha limefungwa, kwa sababu aliona haya majirani wamwone. Majirani aliwaonea haya, mimi je? Sasa anafanya kazi ameketi, hapa karakanani kwetu Gisozi, akihema, na mimi ndiye ninayempulizia. Anakata kidogo, anapumzika, napuliza.

Leo asubuhi alikuja mama mmoja wa Rebero aliyetuagiza kitanda cha harusi ya bintiye. Alitutazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Pole, fundi. Harusi ni Jumamosi." Akaenda kwa seremala wa jirani.

Melchior aliinamisha kichwa, akaniambia, "Mama Aurore, niendee dukani. Sigara moja tu."

"Nenda mwenyewe, kama utafika!"

Nikamnyang'anya msumeno. Nikamwambia kitanda hiki nitakimaliza mimi, na atapatikana mwingine wa kukinunua. Nikauinamia ubao, nikakata kidogo, nikapuliza. Vumbi likabaki palepale. Nikavuta pumzi ndefu ili nipulize tena, kikohozi kikanikamata hadi nikashikilia meza nisianguke.

Na mimi sijawahi kuvuta sigara hata moja.