Toleo la Saa Nne

Nakhumicha hakuwa mvivu, alichoka tu kumsubiri Aweys, mwenzake kazini. Programu yao ya simu ilitangaza misiba kwa wanachama wa chama kimoja cha kuzikana huko Eastleigh, na kila toleo jipya sharti Aweys alikague kwa macho yake kabla ya kulipandisha kwenye seva. Jumanne hiyo Aweys alikuwa ameenda kung'oa jino, simu kaizima. Nakhumicha akabaki ofisini kwao Kariobangi, akaandika amri za kuifanya mashine iunde toleo, ilipime na kulipandisha yenyewe. Akabonyeza. Saa nne kamili simu mia tatu zilikuwa nalo. Akacheka peke yake kwa furaha, maskini.

Mara tangazo likaibuka kwenye simu yake: "Aweys Abdimajid amefariki."

Akalisoma tena. Lilikuwa tangazo la majaribio. Alizoea kuweka jina la Aweys kwa utani, kwa kuwa Aweys mwenyewe ndiye aliyelifuta kabla ya toleo kutoka. Mashine haikuambiwa ifute chochote.

Akatoa toleo la kusahihisha, akajituliza. Kwao Bungoma maiti hukaa hata wiki mbili. Kosa la nusu saa ni kitu gani? Akapanda boda boda akamwombe radhi mamake Aweys.

Alifika Eastleigh. Maduka yote ya mtaa yamefungwa. Jeneza la msikiti liko mlangoni.

"Kaburi lishachimbwa," mzee mmoja akamwambia. "Tunangoja maiti tu."

"Yuko hai, mzee! Angalia simu, tumerekebisha!"

"Binti, leo nani ana moyo wa kuangalia simu?"

Ndani, Batulo, mamake Aweys, alikuwa ameanguka sakafuni, wanawake wakimpepea. Kabla Nakhumicha hajafungua kinywa, Aweys akaingia, shavu limevimba, pamba mdomoni.

"Hooyo, mama yangu, kwani nani amekufa?"

Mayowe yakajaa nyumba. Mama akamshika uso, akamshika mabega, akamshika mikono. Kisha akauliza, "Nani aliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Njoo." Batulo akauchukua mkono wa Nakhumicha, akaukandamiza kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda mbio, ukikatika, ukianza tena.

"Unapiga hivi tangu saa nne," akasema. "Haya, uambie wewe kwamba mwanangu yuko hai."